Gundi Isiyonuka

Naapa kwamba haya yote ni kweli. Wale mnaonifahamu najua mmeshaanza kucheka, hasa nyinyi wa stendi ya boda pale Munuki. Chekeni. Ile ya mamba aliyenirudishia kiatu niliitia chumvi, nakiri. Hii ya leo sikuitia hata punje. Nikidanganya, kiti hiki ninachokalia kivunjike nami nikiwa juu yake.

Kwa mliochelewa: mimi ni Igga, fundi wa sakafu niliyestaafu, au niliyedhani nimestaafu. Kazi sikufundishwa darasani. Niliiokota Kampala, kule Ndeeba kwa wauza mbao, miaka ile ya ukimbizi. Mwenzangu wa kazi aliitwa Levi.

Juma lililopita niliwaeleza alivyokufa, mwaka 1999. Tulikuwa tunabandika sakafu ya ofisi moja. Nikatoka kwenda kununua chakula, nikaufunga mlango kwa nje ili vumbi lisiingie kwenye gundi mbichi. Njiani nikakutana na watu wa nyumbani, nikakaa, nikapiga soga. Niliporudi, muuza chapati wa pale nje aliniambia amesikia mtu akibisha ndani. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Halafu basi.

Kwa mkewe nikasema malaria.

Niliwaambia pia kwamba nimepata kazi hapa Juba, Hai Malakal, kwenye kliniki mpya, wodi ya watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao. Na kwamba mkaguzi aliyetumwa kutoka Kampala ni binti wa miaka ishirini na tisa, mwenye mwanya katikati ya meno ya mbele, jina lake Pearl. Baba yake, alisema, alikuwa fundi wa sakafu, akafa malaria yeye akiwa wa miaka mitatu.

Mwanya ule naujua. Yeye mimi hanijui. Hapo ndipo tulipoachana juma lililopita.

Sasa, Pearl ndiye mwenye kauli juu ya cheti. Kliniki ile inajengwa kwa masharti ya jengo la kijani, lisilodhuru watu wala mazingira, na wafadhili walishasema wazi: bila cheti, mashine za kuwapasha joto watoto hazitoki ghalani. Ufunguzi, Jumatatu.

"Mzee Igga," aliniambia siku ya kwanza, "sakafu inapumua. Ubao, gundi, rangi ya juu, vyote vinatoa hewa yao. Mtoto wa kilo moja atalala humu mwezi mzima akivuta kile sakafu inachotoa. Kwa hiyo hakuna kinachoingia bila karatasi yake ya kipimo."

Akanionyesha makopo kumi na mawili ya gundi. Yametoka Nairobi, yamepita mpakani Nimule kwa lori, kila moja limechorwa jani la kijani ubavuni.

Nikafungua moja. Nikanusa. Hamna kitu. Nyeupe, kama uji wa mgonjwa.

"Hii ni gundi?"

"Ni gundi, mzee."

"Binti yangu, gundi isiyonuka ni mbwa asiyebweka. Itamtisha nani?"

Akacheka. Kicheko cha kuvuta pumzi kwa ndani, kama mtu aliyeungua na chai. Kilikuwa cha Levi kile, chote, kimehamia kinywa kingine. Nikarudisha kifuniko, nikatoka nje kutafuta hewa.

Hapo ndipo nilipokosea, na nitawaambia kwa nini, maana hata padri sijamwambia.

Mafundi wa rika langu tunaamini gundi ni harufu. Ikikutoa machozi, imeshika. Lakini si hilo tu. Kama gundi isiyonuka ndiyo salama, ile inayonuka ilimfanya nini Levi? Uongo ukiutunza miaka ishirini na sita, unaota mvi na kuheshimika nyumbani. Mimi wangu nilikuwa naupa kiti. Kuishika gundi ile nyeupe kulikuwa sawa na kusema: haikuwa malaria.

Basi nikaenda Malakia, dukani kwa watu ninaowajua, nikanunua gundi ya njano, ile ile ya zamani. Makopo mawili yenye jani la kijani nikayamwaga shimoni, nikayajaza gundi yangu, nikayaweka mbele ili Pearl ayapige picha. Kumi yaliyobaki nikayapeleka nyumbani kwa boda, nikayaficha. Fundi hatupi kitu.

Pearl alipiga picha zake, akasema atarudi Jumatano na chombo cha kunasa hewa ya wodi, akaenda zake kwenye kazi nyingine. Mimi nikabandika. Sakafu ikashika kama kupe kwenye sikio la ng'ombe.

Lakini harufu!

Jumapili mlinzi, kijana wa watu anaitwa Wani, akanijia ameshika kichwa kwa mikono miwili.

"Mzee, hii harufu iko namna gani? Mimi iko ingia ndani, kichwa yangu inazunguka. Nimeona marehemu nyanya yangu kwa ukuta."

Mtu mwema angesema, fungua madirisha, ni gundi. Mimi nikasema:

"Wani mwanangu, keti. Hapa, kabla ya kliniki, alizikwa bibi mmoja msusi wa nywele. Mafuta yake ndiyo hayo unayanusa. Hana ubaya. Anataka hewa tu. Fungua madirisha yote, usiruhusu mtu kuingia mpaka Jumatano. Na usimwambie mtu."

Niliona nimepiga ndege wawili kwa jiwe moja. Wodi itapata upepo, watu watakaa mbali. Nilisahau jambo moja: kumwambia mtu wa Juba usimwambie mtu ni kama kulitangaza jambo kwa kipaza sauti.

Jumatatu asubuhi, juma zima kabla ya ufunguzi, niliingia peke yangu kumalizia mlango. Ni mlango mzito, unajirudi wenyewe, na chini niliuwekea mpira ili hewa isipite, kama Pearl alivyotaka kwa kipimo chake. Nilifunga mkono wa kitasa wa upande wa nje. Wa ndani ulikuwa bado mkononi mwangu niliposikia, chini ya mbao, karibu na dirisha.

Ko. Ko. Ko.

Mbao hupanuka kwa joto. Kila fundi anajua. Nikajiambia hivyo, nikautia mkono wa kitasa mfukoni, nikatoka haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu. Bibi msusi nilimtunga mimi mwenyewe. Huyu aliyebisha sikumtunga.

Jumanne, saa nne asubuhi, nilikuwa nakunywa kahawa ya tangawizi kwa mama wa chai ng'ambo ya barabara, nikisimulia ile ya mamba. Mama wa chai akasema, "Mzee, leo mna ibada? Wameingia akina mama wa kanisa, sita, na vitambaa vyeupe. Na binti yako pia."

Binti yangu Kiden ni nesi. Ndiye atakayekuwa zamu ya kwanza kwenye wodi ile.

"Wameingia wapi?"

"Si kwenye chumba cha yule bibi msusi?"

Kahawa sikuimaliza.

Nilimkuta Wani ameukumbatia mlango wa wodi, miguu ameikaza sakafuni, jasho linamtoka, kiberiti kimebanwa kwenye meno. Alipoona ni mimi alikitema.

"Mzee, saidia! Shika hapa!"

"Kuna nini?"

"Mama Nyakuma alisema madirisha yote ifungwe, roho isitoke ikaenda kwa jirani. Mimi nikafunga kwa nje, nikazuia na ule mti mrefu. Wakaanza kuimba. Halafu walinituma kiberiti ya mishumaa. Nikirudi, wimbo hakuna! Kitu inagonga!"

"Na wewe unafanya nini?"

"Si nashika mlango? Isitoke!"

Na kweli, ndani, chini kidogo ya usawa wa kitasa, mahali anapoweza kufika mtu aliyepiga magoti.

Ko. Ko. Ko.

Nitawaambia ukweli ambao unaniumiza kuliko wote. Sikuufungua mlango mara moja. Nilisimama. Mkono wangu uliingia mfukoni wenyewe, ukakuta kile chuma, baridi, mkono wa kitasa wa ndani. Wao huko ndani walikuwa na mlango usio na cha kushika, kwa sababu cha kushika nilikuwa nacho mimi. Nikasikia harufu ya chapati. Nawaapia, Hai Malakal, saa nne, hapakuwa na mtu anayepika chapati pale.

Kimya.

Halafu mara tatu tena, lakini ile ya tatu ilikuwa hafifu, kama ukucha.

"Toka!" Nikampiga Wani kumbo la bega, mimi mzee wa miaka sitini na minane, akaenda kukaa kwenye ndoo ya saruji. Nikafungua.

Harufu ilinipiga kama mlango wa pili. Kiden ndiye aliyekuwa chini pale mlangoni, kifundo cha mkono kimechubuka. Mama Nyakuma, kiongozi wao, alikuwa ameketi katikati ya wodi akitabasamu na ukuta, mishumaa saba mapajani. Wengine wamelaliana kama magunia. Tuliwatoa mmoja mmoja hadi kwenye kivuli cha tangi la maji. Walitapika wote. Hakuna aliyekufa. Andikeni hilo, hakuna aliyekufa.

Ila kama Wani angepata kiberiti dakika tano mapema, leo mngekuwa mnasoma habari nyingine, ukurasa wa mbele.

Kiden alipopata sauti aliniambia neno moja tu la kwanza.

"Baba, nilibisha."

"Najua, mama."

"Nilibisha mpaka mkono ukafa ganzi. Ulikuwa wapi?"

Swali hilo Levi hakupata nafasi ya kuniuliza.

Na kama ilivyo desturi ya mikosi yangu, haukuja mmoja. Kivuli kikasimama juu yetu. Pearl, siku moja kabla ya ahadi, na kile chombo chake kwapani, kimeviringika na kung'aa kama boga la chuma.

Akawatazama akina mama. Akaenda hadi mlangoni, akanusa mara moja, akarudi. Akakiweka chombo chini.

"Hiki sikihitaji tena," alisema. "Mzee Igga, ni gundi gani ile?"

Wanangu, mwongo mzoefu haachi uongo mara moja, hushuka ngazi kwa ngazi.

"Binti yangu, nisamehe. Yale makopo yako yaliharibiwa na jua la njiani. Yote kumi na mawili, yamekauka kama ugali wa juzi. Niliona aibu kukwambia. Nikatumia ya hapa."

"Makopo yako wapi?"

"Nimeyatupa. Mbali. Mtoni."

Mama Nyakuma, amelala chali, kitambaa kimemfunika jicho moja, akasema kwa sauti ya kaburini: "Na yule bibi msusi, Igga? Naye ulimtupa mtoni? Mimi nimemwimbia mapambio manne!"

Hata waliokuwa wanatapika walicheka. Mimi niliangalia viatu vyangu.

Pearl hakucheka. Alikaa kwenye tofali, akashika paji la uso.

"Sakafu yote inatoka leo," alisema. "Unaing'oa wewe, kwa mikono yako, na madirisha wazi. Lakini Jumatatu ijayo ya ufunguzi hatuna. Mbao mpya zenye karatasi ni wiki tatu kutoka Nairobi. Mashine hazitatoka ghalani." Akaugeukia mlango wa wodi. "Ningepata msaji mtupu, wa zamani, uliopigiliwa misumari, haujaona gundi wala rangi. Ule kwa masharti yetu hauombwi kipimo. Umeshakaa, umeshatulia. Lakini nani ana sakafu ya msaji mtupu Juba hii?"

Nilijua jibu kabla Kiden hajafungua mdomo. Nilimwomba Mungu amtapishe tena.

"Baba anayo," alisema Kiden. "Sebuleni kwetu Munuki. Alimjengea marehemu mama. Misumari mitupu."

Mbao zile za msaji zilitoka Yei, nililipia lori zima, nikazipiga randa mwenyewe miezi miwili. Mke wangu alikuwa akiifuta sakafu ile kwa magoti kila Jumamosi mpaka Jumamosi yake ya mwisho. Kuitoa ni kumtoa yeye. Lakini, wanangu, si hilo lililonikausha mate.

"Haifai," nilisema. "Ina mchwa."

"Haina mchwa, Baba."

"Chini kuna nyoka. Mkubwa. Ana kishungi."

"Nyoka huyo ulimuua kwenye hadithi ya Pasaka," alisema Kiden. "Baba, nilikuwa mle ndani. Watoto wale hawawezi kubisha."

Ungekuwa wewe ungesema nini?

Alasiri tulikuwa sebuleni kwangu: mimi, Kiden amekaa kizingitini na ndoo yake ya kutapikia, Wani na mtaimbo, na Pearl amevua viatu. Alivua kwa heshima ya sakafu. Alipita juu yake polepole, akisikiliza kwa nyayo, kama anavyofanya fundi. Hakuna mtu aliyemfundisha hilo. Lilikuwa kwenye damu.

"Ni nzuri sana, mzee," alisema. "Wewe ni fundi. Kwa nini basi ulitumia gundi ile?"

Nikajifanya sijasikia. Nilianza kung'oa kutoka ukutani, mbali na kona ya kabati. Nilitumaini wodi ndogo, mbao chache, tutaishia katikati. Pearl alihesabu. Akahesabu tena.

"Bado kidogo. Sogezeni kabati."

"Kabati ni zito," nikasema.

Wani akalisogeza kwa mkono mmoja, mjinga yule.

Ubao wa kwanza ulitoka na kilio cha msumari. Jua la mlangoni likaingia chini. Majani ya kijani kumi yakatutazama.

Pearl akashuka, akatoa kopo moja, akalitikisa sikioni. Gundi ikacheza ndani, mbichi, laini, kama maziwa.

"Yalikauka kama ugali wa juzi," alisema taratibu.

"Mtoni," akaongeza Kiden, na hakunitazama.

"Mzee," alisema Wani kwa huruma, "hii mto iko karibu sana."

Ningeweza kuvumilia hayo. Kushikwa na makopo nimeshikwa, sakafu nimetoa, aibu nimeinywa, nikadhani nimelipa yote. Lakini Pearl alikuwa bado na mkono ndani ya shimo.

"Kuna kitu kingine. Kimefungwa gunia."

"Acha hicho," nilisema.

Akakifungua. Mwiko. Mwiko wa meno wa kupakia gundi, chuma kimeliwa na kutu, mpini umezungushiwa mpira mwekundu wa baiskeli. Kwenye mpini, kwa msumari wa moto, mtu alikuwa ameandika LEVI. Na chini yake, kwa herufi mpya zaidi, ndogo, za mtu aliyefurahi: PEARL.

Levi alizichoma zile za chini wiki aliyozaliwa binti yake. Nilikuwa nimekaa karibu naye. Nilishika taa.

Pearl aliupapasa mpini kwa kidole gumba, herufi kwa herufi, mpaka jina lake likaisha.

"Mama yangu alimwuliza yule rafiki yake baba," alisema, "yule aliyekuja kutuambia malaria. Alimwuliza, mwiko wake uko wapi? Mtoto apate kitu. Rafiki akasema umezikwa naye." Akainua macho. "Umeutoa wapi, mzee?"

Niliufungua mdomo. Hadithi zilikuwa zimepanga foleni, moja nzuri kuliko nyingine. Nimeununua Ndeeba mnadani. Nimeuokota Nimule. Mamba amenirudishia. Nilikuwa na uongo wa kutosha kunifikisha kaburini bila kushuka njiani.

Kiden alikuwa akinitazama, na kifundo chake kilichochubuka mapajani.

"Haikuwa malaria," nilisema.

Pearl hakulia, wala hakupiga kelele. Aliwaomba Kiden na Wani watoe mbao nje, wazipange kwenye toroli. Walipotoka na mzigo wa kwanza, aliufunga mlango wa nyumba yangu nyuma yao, akasukuma komeo, akaja akaketi juu ya kopo la gundi, kati yangu na mlango, mwiko wa baba yake magotini.

"Haya," alisema. "Tangu mwanzo. Na usiniongezee chumvi."

Huko nje Wani alikuwa amerudi kuchukua mbao nyingine. Akabisha mara tatu.

Tuliangaliana, mimi na yeye. Hakuna aliyeinuka kufungua.